Asha, Esha, Mwanaisha: Jina Moja, Midomo Mingi



Hebu leo jioni, futari ikishaandaliwa na watu wanasubiri adhana, simama mlangoni uite "Asha!" kwa sauti. Uhesabu ni wangapi wataitika "Abee". Kwetu sisi huitika watatu: mamangu mzazi, ambaye kwenye kitambulisho chake ameandikwa Mwanaisha, mke wa ndugu yangu, ambaye ni Asha tangu azaliwe, na mpwa wangu, mtoto wa dadangu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Mpwa wangu huyu ni somo yake mamangu, yaani alipewa jina la nyanyake. Karani wa kuandikisha vizazi alipoulizia jina akajibiwa kwa matamshi ya kwetu, naye akaandika alivyosikia: Mwanasha. Alipoingia shule mwalimu akaona jina hilo ni refu, akaandika Aisha, na mpaka cheti chake cha KCSE kinasema Aisha. Madrasa nako wakamwita Asha mpaka siku mwalimu mmoja alipowaambia mabinti kwamba Asha si jina. Ati Asha kwa Kiarabu ni chakula cha jioni. Darasa zima likacheka. Mtoto alirudi nyumbani machozi yanamlengalenga, na tangu siku hiyo ukimwita Asha haitiki. Mwaka jana alipotimiza miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho, akaambiwa jina la cheti cha kuzaliwa na jina la shule si moja, akalete hati ya kiapo ya wakili. Akaniambia, "Mjomba, nataka niape mara moja niwe Aisha kila mahali. Hilo Mwanasha nilitupe. Ni jina la kishamba."

Nyanyake alikuwa amekaa pale pale barazani anachambua mchele. Alisema neno moja tu: "Basi na mimi nikaape?"

Sasa, ndugu msomaji, twende polepole. Kwanza hilo la chakula cha jioni.

Ni kweli Waarabu wana neno *ashaa'*, chakula cha usiku, na ni jamaa wa neno *Ishaa*, ile sala yetu ya mwisho. Lakini jina la Bibi Aisha (R.A.) halitoki huko. Linatoka katika mzizi mwingine kabisa, wenye herufi tatu: ayn, yaa na shiin. Kutoka katika mzizi huo wanasema *aasha*, maana yake "ameishi", na *ya'iishu*, "anaishi". Mwenye kuishi, akiwa mwanamke, ni *Aa'isha*. Hiyo ndiyo maana yake: anayeishi, aliye hai, na wengine huongeza kwamba ni anayeishi vizuri. Kwa hivyo yule mwalimu kama alikuwa akitafuta neno la Kiarabu linalofanana na Asha, alikuwa nalo karibu zaidi kuliko hilo la sahani ya wali. *Aasha*. Ameishi. Herufi za mwanzo ni zile zile.

Na kuhusu wali, mzizi huu una visa vyake. Nenda Misri uombe *eish*, utaletewa mkate. Nenda Kuwait ama Bahrain uombe *eish*, utaletewa wali. Dada zetu waliokwenda kufanya kazi huko Ghuba wanalijua neno hili vizuri, maana ndilo waliloamriwa kupika kila siku. Neno ni moja, uhai, ila kila watu wamelipa kile chakula ambacho bila hicho hawaoni kama wameishi.

Na sisi? Sisi tumelichukua hilo hilo na tunalitamka tangu asubuhi mpaka usiku bila kujua. *Maisha* ni *ma'iisha* ya Kiarabu. *Kuishi* limetoka huko huko. Hata tumelifanyia jambo la ajabu kidogo: kwa Kiarabu *ma'iisha* ni umoja, lakini Mswahili aliposikia ile "ma" ya mwanzo akaliweka pamoja na maji, maziwa na mafuta, ndiyo maana twasema "maisha haya" na wala hatusemi "maisha hii". Basi unaposema "maisha ya Aisha" umetamka mzizi mmoja mara mbili. Ni majina machache sana ya Kiarabu ambayo Mswahili asiyejua Kiarabu anaweza kuonyeshwa maana yake ndani ya lugha yake mwenyewe namna hii.

Kuna wanaodhani Mwanaisha ni mtoto aliyezaliwa wakati wa Isha, kama vile Mwanajuma alivyozaliwa Ijumaa, Mwanaidi siku ya Idi, na Mwanatumu katika mwezi wa tumu, yaani huu tulio nao. Dhana hiyo naielewa, lakini Isha ya sala tumeshaona ni mzizi mwingine. Tofauti yake na jina hili huioni kwa maandishi yetu ya Kiswahili kwa sababu ayn tumeiacha njiani.

Sasa tuje kwa mwenye jina. Mama wa Waumini Aisha alikuwa binti wa Abubakar Siddiq na Umm Ruman. Wanavyuoni wanahesabu hadithi alizozipokea kuwa 2,210, na maswahaba wakubwa walikuwa wakienda kumuuliza mambo ya mirathi na fiqhi. Ndiye aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) aombe nini akiujua usiku wa Laylatul Qadr, akafundishwa ile dua fupi ya kuomba msamaha ambayo kumi la mwisho tutaisikia kila msikiti. Wenzetu wanaojaaliwa kwenda umra katika Ramadhan wanamjua pia kwa ule msikiti wa Tan'im, nje kidogo ya Makka, watu wanapokwenda kuvaa ihramu. Unaitwa Masjid Aisha kwa sababu ni hapo alipoelekezwa kuanzia umra yake, akifuatana na nduguye Abdurrahman, katika Hija ya kuaga. Alifariki Madina mwaka 58 Hijria, sawa na 678, na kwa riwaya mashuhuri ilikuwa usiku wa mwezi 17 Ramadhan. Akazikwa usiku ule ule katika makaburi ya Baqi', Abu Huraira akimswalia.

Mwanamke huyu ambaye jina lake ni uhai hakujaaliwa kuzaa. Waarabu humwita mtu kwa jina la mwanawe, Umm fulani, naye akajiona hana la kuitwa. Akaambiwa ajiite kwa mtoto wa dadake Asma, Abdullah bin Zubeir, akawa Umm Abdillah. Leo wanaolibeba jina lake hawahesabiki.

Lakini jambo ninalotaka ulishike katika habari zake ni hili. Imepokewa katika Bukhari kwamba siku moja Mtume (S.A.W.) alimfikishia salamu za Jibril, na alipomwita hakulitaja jina lake lote. Alimwita *Ya Aa'ish*. Alilikata mwisho. Wanasarufi wa Kiarabu wana jina la ukataji huu, wanauita *tarkhiim*, na wanasema hufanywa kwa mapenzi ama kwa wepesi wa ulimi. Sasa, ikiwa jina hili lilikatwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na aliyelikata ni nani, ni vipi leo mtoto wa Kwale achekwe kwa kuitwa Asha?

Ugomvi wa matamshi yake wala si wa jana. Katika karne ya tatu ya Hijria, huko Baghdad, mwanalugha Ibn as-Sikkit alikuwa akiwasahihisha watu waseme Aa'isha, waache kusema Aisha kwa ile *ay* ya mkato. Maana yake ni nini? Maana yake Waarabu wenyewe walikuwa wameshalipunguza! Na hawakumsikiliza hata kidogo, kwa maana mpaka leo Mmisri wa kawaida anasema Eisha. Kwa hivyo Esha wetu, yule anayechekwa kwamba ni wa mashambani, ana jamaa zake huko Cairo.

Tazama jinsi ulimi wetu ulivyofanya kazi. Kiarabu kina ayn mwanzoni na hamza katikati. Zote mbili hatuna, zikaanguka. Zikabaki "a" na "i" zimekaa pamoja. Wengine wakaziunganisha zikawa "e", tukapata Esha na Eshe. Wengine wakaiacha "i" ikapotea, tukapata Asha. Wasomali wao wamefanya kama sisi lakini ayn wakabaki nayo, ndiyo maana wanaandika Caasha, ile "c" yao ikiwa ndiyo ayn. Yule mwanaharakati wa amani, Asha Hagi Elmi, aliyesimama na wenzake mwaka 2000 katika mazungumzo ya Arta, Djibouti, wakasema koo zimekuwa tano kwenye meza na wanawake hawamo, basi wao ni ukoo wa sita, yeye ni Caasha.

Na kitu kimoja wengi hawakioni. Mwarabu akitamka Aa'isha, nguvu ya sauti anaiweka mwanzo, kwenye *Aa*. Sisi Kiswahili chetu huweka nguvu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tukisema Aisha kwa silabi tatu, nguvu inahamia kwenye "i": a-I-sha. Lakini tukisema Asha, nguvu inarudi pale pale Mwarabu alipoiweka. Yaani Asha, ambayo ni "jina lililoharibika", kwa upande huu iko karibu na asili kuliko Aisha ya kwenye vyeti.

Ukitoka kwetu ukaenda mbali zaidi, utakuta kila watu wamelikunja jina hili kwa ulimi wao na hakuna aliyeona haya. Waturuki wanasema Ayşe, na ni jina lililoenea sana kwao hata limeingia katika vita: mwezi wa Agosti 1974, waziri wa mambo ya nje Turan Güneş alikuwa Geneva kwenye mazungumzo ya Cyprus, na neno la siri walilopatana na Ankara kuanzisha awamu ya pili ya mashambulizi lilikuwa kwamba Ayşe aende likizo. Ayşe alikuwa ni bintiye. Bosnia ni Ajša. Kazakhstan, karibu na mji wa Taraz, kuna kaburi la kale lililojengwa kwa matofali ya kuchongwa la Aisha Bibi, ambalo mpaka leo maharusi huenda kulizuru. Indonesia wanaandika Aisyah, na huko Yogyakarta mwaka 1917 ilianzishwa jumuiya ya wanawake iliyopewa jina la 'Aisyiyah, yaani wafuasi wa nyayo za Aisha. Jumuiya hiyo imejenga shule za chekechea, hospitali na vyuo, na ingali hai. (Wakina dada wa jumuiya zetu hapa Kenya, hilo ni lenu la kulifikiria baada ya Idi.)

Afrika Magharibi ndiko ninakokupenda zaidi. Huko utakutana na Aïssatou wa Senegal na A'ishatu wa Nigeria, ambaye Wahausa humkata akawa Shatu. Ile "tu" ya mwisho imetoka wapi? Si nyongeza ya Kiafrika hata kidogo. Ni Kiarabu safi cha vitabuni: jina likisomwa kamili kwa irabu yake ya mwisho husomeka *Aa'ishatu*. Mashekhe wa huko walilichukua kama linavyosomwa kitabuni, sisi tukalichukua kama lilivyosikika jahazini. Ndiyo kisa wao wana Fatimatu na Hadijatu, na sisi tuna Fatuma na Khadija. Kama umesoma *Barua Ndefu Kama Hii*, ile riwaya ya Mariama Bâ iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, basi huyo Aïssatou anayeandikiwa barua kitabu kizima ni Asha wa jirani yako.

Kuna na Asha wengine ambao si wetu, na ni vizuri tusiwapore. Mhindi anayeitwa Asha amepewa neno la Kisanskriti lenye maana ya matumaini. Na katika lugha ya kale ya dini ya Waparsi, *asha* ni ukweli na njia iliyonyooka. Zote hizi zimepita katika bandari za Zanzibar na Mombasa, zimekaa mtaa mmoja, na hazina undugu isipokuwa wa sauti. Kisha kuna Asha wetu waliovuka dini. Bi Asha-Rose Migiro wa Tanzania, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 mpaka 2012, ni Mkristo, na Asha yake ni hii hii ya pwani.

Wazungu nao hawakubaki nyuma. Mwingereza H. Rider Haggard alitoa riwaya yake *She* mwaka 1887, kuhusu malkia asiyekufa anayeishi bara, ng'ambo ya pwani ya mashariki ya Afrika. Akamwita Ayesha. Mwanamke asiyekufa, jina lake mwenye kuishi: alijua alichokuwa akikifanya. Na katika kitabu hicho aliweka maelezo kwamba jina hilo litamkwe Assha. Marekani nako jina lilishika kasi zama za Wamarekani Weusi kutafuta majina ya asili yao, na mwanamuziki Stevie Wonder alipopata binti mwaka 1975 alimwita Aisha, akamtungia wimbo. Vitabu vingi vya majina vya huko vimeandika kwamba Aisha ni Kiswahili na maana yake ni maisha. Wanavyuoni wetu wanacheka, lakini mimi sicheki sana. Wamekosea mlango, ila nyumba ni ile ile.

Turudi barazani kwa mamangu, kwenye hilo "la kishamba", Mwana.

Mwana katika Kiswahili cha kale cha Lamu, Pate na Mombasa si mtoto tu. Ni cheo cha heshima cha mwanamke, bibi mtukufu. Malkia wa Pate alikuwa Mwana Khadija. Wazee wa Mombasa wanasimulia kwamba mji wao uliasisiwa na Mwana Mkisi. Mwana Kupona, aliyetunga ule utenzi wake mwaka 1858, alimtungia bintiye Mwana Hashima. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ukimsikiliza shekhe yeyote darsa la alasiri Ramadhan hii, akifika kwa Mama wa Waumini hasemi "Aisha" kavu. Anasema Bibi Aisha. Na Bibi Aisha kwa Kiswahili cha mababu ni nini kama si Mwana Aisha? Mwanaisha. Yaani anayeitwa Aisha amepewa jina, na anayeitwa Mwanaisha amepewa jina pamoja na adabu yake. Hicho ndicho mpwa wangu alichotaka kukitupa.

Sisemi kwamba herufi hazina maana. Hapa nakubaliana na maustadhi. Imepokewa katika Muslim kwamba Umar alikuwa na binti anayeitwa Aasiya, kwa ayn na saad, maana yake muasi, na Mtume (S.A.W.) akambadilisha akamwita Jamila. Na mke mwema wa Firauni ni Aasiya mwingine kabisa, kwa alif na siin. Kwa maandishi yetu wote wawili ni Asia. Mzazi anayempa mwanawe jina hilo na amuulize anayejua, ili alijue analokusudia. Lakini kipimo ni maana na nia. Aliyempa mwanawe Asha alimkusudia Bibi Aisha, na kila mtu kijijini alijua hivyo.

Mamangu yeye alikusudiwa kitu cha ziada. Kabla yake walizaliwa wawili, na wote hawakufikisha arubaini. Babu yangu hakuwa msomi, lakini alimuuliza mwalimu wake wa chuo ni jina gani lenye maana ya kuishi. Mamangu sasa amepita miaka themanini, na bado anachambua mchele bila miwani.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu, kwa vipande vipande, siku tatu. Alisikiliza kama vijana wanavyosikiliza, jicho moja kwenye simu. Jumatatu tukaenda kwa wakili. Nilikaa kimya, maana jina ni lake. Wakili akamuuliza, akajibu mwenyewe, na karatasi ikaandikwa kwamba Mwanasha wa cheti cha kuzaliwa na Aisha wa shule ni mtu mmoja, na kwamba jina analotaka kwenye kitambulisho ni Mwanasha.

Tuliporudi nyumbani nyanyake aliomba asomewe. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, basi mpwa wangu akakaa mkekani akamfasiria mstari kwa mstari mpaka mwisho, penye sahihi na mhuri. Mamangu akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya msahafu.

"Kesho nitakupa uipeleke," akamwambia. "Leo ilale hapa."